Nati ya tairi imegoma na mzigo upo juu ya gari: fanya hivi

Tumeongea sana mambo ya parachichi na mbolea, leo naomba tuingie chini ya gari. Wengi wenu mmeshaachana na kukodi usafiri. Mna kirikuu chenu, au mmechanga watu wanne mkanunua Canter ya mkononi, au mnatumia Hilux ya mzee. Hongereni. Ila kuna kitu nakiona kila msimu: mtu anajua kipimo cha dawa kwa lita 20 za maji, anajua bei ya nyanya Kiboriloni ya leo asubuhi, lakini hajawahi kufungua nati hata moja ya gari lake mwenyewe. Siku ya kwanza kuifungua ni siku ya pancha, njiani, mvua inanyesha, na nyanya zilizoiva zipo juu.

Na huku kwetu siku hiyo ndiyo nati inagoma.

Sababu zipo. Kuanzia Machi mpaka Mei magari yetu yanaogelea kwenye tope jekundu la Uru, Kibosho, Mamba na Mwika. Tope lile linaingia kwenye uzi wa bolti, linakauka, linakuwa kama saruji, na chini yake kutu inafanya kazi polepole. Wa tambarare, Chekereni mpaka Kahe, ninyi mna maji ya mifereji ya mpunga na maeneo mengine udongo wa magadi, ambao unakula chuma haraka zaidi. Lakini kama mnataka ukweli wangu, kutu ni mshitakiwa wa pili. Wa kwanza ni fundi pancha mwenye bomba refu au mashine ya upepo, anayekaza mpaka chuma kilie, na mwenye gari amesimama pembeni anafurahi kwamba "leo imekazwa vizuri".

Tupige hesabu kidogo, maana ninyi ni watu wa hesabu. Magari mengi madogo ya Toyota yanataka nati ikazwe kwa nguvu ya nyutonimita 103 hivi. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya bomba la mita moja anaweka karibu nyutonimita 690. Hiyo ni zaidi ya mara sita. Bolti ya milimita 12 haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Inavutika kama mpira, uzi unaharibika, na hata isipokatika siku ile, itakatika siku ya kufunguliwa. Kwa hiyo bolti nyingi zinazokatikia mkononi mwako zilishauawa zamani, na mtu mwingine kabisa.

Sasa nieleze kisa kimoja, kwa sababu kina mambo karibu yote. Masika iliyopita nilikuwa nashuka na pikipiki kutoka Kibosho, saa kumi na mbili asubuhi haijatimia vizuri. Kwenye kona moja nikakuta Canter imeegemea kushoto, tairi la nyuma la nje limekwisha upepo, na matenga ya nyanya yamejaa mpaka juu. Vijana watatu. Mmoja ameshika spana, wawili wamepanda juu ya bomba wanaruka. "Mangi, ongeza uzito!" Nikasikia paa. Kabla sijashusha stendi ya pikipiki, paa ya pili. Bolti mbili zinazofuatana zimekatika, na zote sita zilikuwa hazijasogea hata chembe.

Nikawaomba washuke. Nikafuta tope kwenye ncha ya bolti iliyobaki, nikawaonyesha herufi iliyogongwa pale: L.

Hapa msome taratibu. Canter, Fuso na malori mengi ya Kijapani tuliyonayo, hasa ya zamani, yana bolti za upande wa kushoto wa gari zenye uzi wa kushoto. Upande wa kushoto ni upande wa abiria, siyo wa dereva. Uzi huo unafunguliwa kwa kuzungusha kufuata mshale wa saa, na unakazwa kinyume chake. Upande wa dereva una herufi R, na unafunguliwa kama nati tulizozoea. Wale vijana walikuwa wanakaza kwa nguvu zao zote. Hakuna mafuta wala bomba litakalokusaidia ukiwa unakaza nati unayotaka kuifungua. Nenda sasa hivi kwenye gari lenu, futa tope, angalia herufi. Malori mapya kadhaa yana uzi wa kulia pande zote mbili, kwa hiyo msikariri, angalieni.

Kuna lingine la hayo malori. Tairi za nyuma ziko mbili mbili, na kwenye mfumo huo wa Kijapani kila bolti ina nati mbili: ya ndani inayobana tairi la ndani, yenye kichwa cha mraba, halafu ya nje inayokaa juu yake. Spana yake ni ile yenye 41 upande mmoja na 21 upande wa pili. Watu wanakaza ya nje tu miaka na miaka, ya ndani imelegea, tairi la ndani linacheza, bolti zinachoka. Ili ukaze ya ndani lazima ulegeze kwanza ya nje, ukaze ya ndani, ndipo urudishie ya nje. Fanya moja baada ya nyingine, usilegeze zote kwa pamoja.

Turudi kwa wale vijana. Nati nne zilizobaki, tulipozungusha upande unaotakiwa, zilitoka bila mtu kupanda juu ya bomba. Lakini bolti mbili jirani zimeshakatika, na gari lina mzigo. Niliwaambia halitembei hivyo, wakakasirika kidogo, wakapiga simu, wakapata gari lingine, wakahamisha tenga moja moja kwenye tope. Walifika sokoni saa sita mchana. Mnajua nyanya saa sita mchana inauzwaje. Bolti mbili hazifikii hata bei ya tenga moja. Kilichoondoka ni faida ya safari nzima, na ile kodi ya gari la pili.

Kabla sijaingia kwenye namna ya kufungua, niseme juu ya mteremko, kwa sababu hapo hatupotezi nyanya, tunapoteza watu.

Hendibreki ya gari dogo inashika tairi za nyuma. Ukiinua tairi la nyuma, unabaki na moja tu iliyoshikwa. Canter nyingi ni mbaya zaidi: hendibreki yake haiko kwenye tairi, iko nyuma ya giaboksi, inashika propela. Sasa ukiinua tairi la nyuma upande mmoja likaning'inia hewani, difu inaruhusu tairi hilo kuzunguka huru, na hendibreki haishiki tena kitu. Kuweka gia nako hakusaidii, ni njia ile ile ya propela. Gari linaondoka jeki ikiwa chini yake na wewe ukiwa pembeni. Kinachobaki kulishikilia ni mawe peke yake. Kwa hiyo mawe kwanza, jeki baadaye. Chagua makubwa, yenye pembe, siyo ya mtoni yaliyoviringika, uyagandamize upande wa chini wa mteremko kwenye tairi zinazobaki ardhini, kisha weka na upande wa juu. Kama kuna uwezekano wa kusogea taratibu mita hamsini ufike palipo tambarare, sogea, hata tairi lenyewe likiharibika. Tairi linanunuliwa.

Jeki kwenye udongo wetu inazama, kwa hiyo tembea na kipande cha ubao mpana na mnene. Na tairi la akiba lilaze chini ya chesisi wakati unafanya kazi, gari likianguka liangukie hapo.

Haya, nati imegoma. Tairi likiwa bado ardhini, maana ukiliinua litazunguka na wewe, safisha uzi unaochomoza kwa brashi ya waya. Usiruke hatua hii. Nati ikipita juu ya mchanga inasaga uzi njia nzima. Kisha weka mafuta ya kupenya kutu, WD-40 au ya aina hiyo. Kama huna, dizeli kidogo inasaidia, ila inataka muda. Tone chache pale nati inapokutana na bolti, usimwage kwenye diski wala dramu, breki zikipata mafuta umetengeneza tatizo kubwa kuliko ulilokuwa nalo. Subiri nusu saa. Najua nusu saa ni ndefu ukiwa na mzigo. Subiri hivyo hivyo, piga simu kwa mnunuzi umwambie unachelewa.

Baada ya hapo chukua soketi ya pembe sita, siyo ile ya meno kumi na mawili, ambayo inashika kwenye ncha za pembe tu na kuzichubua. Iingie mpaka mwisho. Gonga nyuma ya soketi kwa nyundo mara kadhaa, mtikisiko unavunja kutu. Halafu, na hii wengi hawaijui, jaribu kukaza kidogo sana kwanza. Ukisikia imesogea, rudi kufungua. Robo mzunguko mbele, kidogo nyuma, mafuta, mbele tena. Ukiona inaanza kuwa nzito ghafla wakati inatoka, usilazimishe, rudisha ndani, ongeza mafuta. Bomba la nusu mita linatosha. Vuta kwa mkono kwa nguvu inayopanda polepole, uache kuruka.

Nati zimetoka lakini ringi imeng'ang'ania kwenye habu? Hiyo nayo ni kutu, hasa ringi za spoti. Rudishia nati zote kwa mkono, ziache zimelegea mzunguko mmoja, shusha gari, litikise upande huu na huu, au kwenye tambarare lisogeze nusu mita mbele na nyuma. Litaachia. Usigonge ringi ya spoti kwa nyundo, inapasuka.

Nati iliyochubuka pembe ina dawa yake. Nati ya 21 iliyoviringika inapigiwa soketi ya zamani ndogo kidogo, ya 20, kwa nyundo mpaka ing'ate, kisha inafunguliwa. Soketi hiyo ihesabu imekufa. Kuna soketi maalumu zenye meno ya kujipinda ndani kwa kazi hii, Moshi mjini kwenye maduka ya vifaa vya gereji utazipata, na kikundi chenye magari mawili kinafaa kuwa nazo. Hilo likishindikana, kwenye ringi ya chuma fundi anachana nati kwa grenda ubavuni bila kugusa uzi, halafu tindo inaifungua kama ganda la karanga.

Ikiwa bolti yenyewe inazunguka pamoja na nati, maana yake meno madogo ya shingoni yanayoishikilia kwenye habu yamekwisha. Hapo mafuta hayasaidii. Nati inachanwa, bolti inabadilishwa.

Moto sasa. Nimekuta gereji bubu mtu anawasha mtungi wa gesi anachoma nati huku tairi lina upepo. Ondoka hapo, na toa na watoto. Joto likipita kwenye ringi linafika kwenye mpira kwa ndani, mpira unaanza kuungua bila wewe kuona, unatoa gesi, na tairi linalipuka. Linaweza kulipuka hata dakika kadhaa baada ya moto kuzimwa. Nchi nyingi mafundi wamekufa hivyo. Kuchomelea kwa umeme kwenye ringi yenye tairi ni hatari ile ile. Kutoa upepo hakuondoi hatari yote. Nati ya tairi inachanwa au inatobolewa, haichomwi tairi likiwa kwenye ringi. Fundi akikwambia ameshafanya mara mia, mpe pole, peleka gari kwingine.

Bolti imekatika, utaendelea na safari? Moja ikikatika kwenye tano au sita, gari tupu, mwendo mdogo, mpaka gereji ya karibu, hapo naelewa. Na mzigo, hapana. Zilizobaki zinabeba kazi ya iliyoondoka, na ya jirani ndiyo inayofuata. Mbili zikikatika, gari halisogei.

Kubadilisha siyo kazi kubwa kwenye magari mengi. Dramu au diski inatolewa, bolti ya zamani inapigwa kurudi nyuma, mpya inaingizwa kutokea nyuma ikilenga meno yake kwenye mitaro ya zamani. Kisha inavutwa mpaka ikae kwa washa kadhaa na nati, siyo kwa kugongwa nyundo. Baadhi ya magari hayana nafasi nyuma ya habu, mpaka beringi itolewe, hapo kubaliana na fundi bei mapema. Na kama bolti moja imekatika kwa kukazwa kupita kiasi, wenzake walikazwa na mkono ule ule. Mimi nabadilisha zote za tairi hilo.

Dukani nenda na bolti ya zamani mkononi. Usiseme tu "naomba bolti ya kirikuu". Suzuki Carry na Daihatsu Hijet wote tunawaita kirikuu, wote wana bolti ya milimita 12, ukiziweka pamoja kwa macho hutofautishi. Lakini Suzuki, kama Nissan, nafasi kati ya uzi na uzi ni milimita 1.25, na Daihatsu, kama Toyota na Mitsubishi ndogo, ni 1.5. Nati ya Toyota kwenye bolti ya Suzuki inaingia mizunguko miwili hivi kwa mkono, kisha inakuwa nzito. Fundi anadhani ni uchafu, anaweka spana, analazimisha. Uzi wa bolti umekwenda. Kanuni yangu: nati isiyoingia mizunguko mitano kwa vidole siyo ya hapo.

Angalia na kalio la nati. Ringi za chuma zinataka nati yenye kalio la koni. Ringi nyingi za spoti zilizotoka na gari la Toyota zinataka yenye washa bapa. Ukizichanganya, nati inagusa sehemu ndogo tu, inajiona imekaza, baada ya kilomita chache imelegea. Ulizia hili hasa kama umenunua ringi za mkononi.

Kukaza. Uzi uwe safi na mkavu. Najua mnapenda kupaka grisi ili "zisigome tena". Toyota kwenye vitabu vyake inakataza mafuta na grisi kwenye nati na bolti za tairi, kwa sababu uzi wenye utelezi ukikazwa kwa nguvu ile ile unavutika zaidi. Kama ulitumia mafuta kufungua, yafute. Grisi kidogo sana ipake kwenye duara la katikati la habu, pale ringi inapogandia, basi. Kwa malori fuata kitabu chake.

Anza kwa vidole zote, kisha spana kwa msalaba, nati moja halafu ya mkabala wake, siyo kwa kuzunguka duara. Shusha gari, malizia ardhini. Na kipimo? Spana ya kupimia ni nzuri, kikundi kinunue. Usipokuwa nayo, mna ule mzani wa kuning'iniza mnaopimia viroba. Pima spana sentimita 35 kutoka katikati ya nati, weka alama, fungia mzani hapo kwa kamba, vuta ukiwa umenyooka pembe mraba na spana. Ukisoma kilo 30, umefika nyutonimita 103 ya Toyota. Kwa Suzuki Carry, yenye nyutonimita 85 hivi, acha kwenye kilo 25. Jaribuni shambani mara tatu nne, mikono yenu itazoea, na mtashangaa jinsi kilo 30 zinavyohisi kidogo. Lori halipimwi hivi, nguvu yake ni kubwa zaidi.

Baada ya kilomita 50 mpaka 100 kagua tena, kila tairi lililofunguliwa. Ukitoka Mwika na mzigo wa Arusha, ukisimama Boma Ng'ombe kwa chai, toa spana. Na chukua rangi, hata ya kucha ya dada yako, chora mstari mmoja unaotoka kwenye nati mpaka kwenye ringi. Mstari ukikatika, nati imetembea. Vile vishale vya njano unavyoviona kwenye malori makubwa ya njia ya Holili vinafanya kazi hiyo hiyo.

Kwa anayetaka kujifunza kwa mikono, chuo cha VETA Moshi kinafundisha ufundi magari. Kikundi kikimtoa hata kijana mmoja kwenda kujifunza, mtaona tofauti.

Kwenye gari weka hivi: soketi ya pembe sita ya saizi yenu, bomba la nusu mita, brashi ya waya, mafuta ya kutu, ubao wa jeki, mawe mawili mazuri, nati mbili na bolti mbili za akiba zilizojaribiwa kwenye gari hilo hilo. Canter muongeze spana ya 41 na 21.

Makala ijayo tunarudi shambani. Kantangaze ameanza kuonekana kwenye nyanya za Hai, na dawa mnayopiga wengi imeshamzoea.